Hatua 316 za Kinyonga

Jina la Kinyonga alibandikwa siku ya kwanza aliyotoka nje, na hakukuwa na rufaa.

Ilikuwa Julai 1993, Rwezamenyo, Kigali, saa tatu asubuhi, mtaa mzima uko barazani. Gahongayire, mshonaji wa miaka sitini na moja, aliyeshonea nusu ya maharusi wa mtaa ule, akatokea mlangoni na fimbo. Miezi kumi na moja alikuwa hajaonekana nje. Watu wakageuka kumtazama. Wengine walishaanza kuandaa machozi ya heshima. Akatoa mguu wa kulia. Mguu ukaenda mbele, ukatetemeka hewani, ukarudi nyuma kidogo kama uliosahau kitu ndani, ukafikiria, halafu ndiyo ukashuka. Hatua iliyofuata, vilevile.

Ndihokubwayo, kinyozi wa nyumba ya nne, alikuwa na mdomo usiojua kupumzika. Alisimamisha mkasi juu ya kichwa cha mteja, akasema, "Jamani, mama iko natembea kama kinyonga."

Mtaa ulijizuia sekunde mbili, labda tatu. Halafu basi, kicheko. Kosa ni kwamba Gahongayire mwenyewe alicheka, tena akalazimika kushika ukuta. Kufika jioni watoto walikuwa wanamsalimia, "Mama Kinyonga, amakuru?" na yeye anaitika. Siku hizi mtu akipewa jina kama lile anafunga akaunti wiki nzima. Yeye hakuwa na pa kujificha. Mlango ulikuwa mmoja.

Cheka tu, lakini ujue ule mguu ulitoka wapi.

Agosti 1992 Gahongayire alianguka juu ya cherehani yake, sindano bado iko kwenye kitambaa cha mteja. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukazima. Hospitali walimweka wiki tatu, na huko ndiko alikokutana na Cyriaque, Mrundi mrefu aliyesomea Bujumbura na kuolea Kigali, ambaye kazi yake watu waliiita "kine". Kine hatoi dawa. Kine anakushika mguu, anaukunja, anaukunjua, anakusimamisha wakati wewe unataka kulala, na wewe unamchukia kwa moyo wako wote mpaka siku unayojikuna pua kwa mkono ulioambiwa umekufa.

"Kichwa kimesahau njia ya kwenda kwenye mguu," Cyriaque alimwambia Kaliza, binti wa pekee wa Gahongayire. "Tunakifundisha upya. Kusimama mara kumi asubuhi, mara kumi mchana, mara kumi jioni. Kisigino lazima kiguse chini. Na usimlaze mchana, umenisikia dada? Kwa umri wake misuli inaondoka haraka, kurudi ni taabu."

Kaliza alisikia. Ana miaka ishirini na mbili, anajua kusoma, aliandika mpaka kwenye karatasi. Shida ilikuwa wageni.

Mtu akiugua pale, watu wanakuja. Hawaji kidogo. Wanakuja na maziwa, na uji kwenye chupa ya chai, wanakaa, wanasikitika kwa zamu. Na mgonjwa, ili awe mgonjwa mwenye adabu, anatakiwa awe amelala. Siku ya pili nyumbani, jirani mmoja anaitwa Mukarugwiza aliingia akamkuta Gahongayire amesimama, ameshika meza, jasho linamtoka, Kaliza anahesabu sita, saba. Mukarugwiza aliweka maziwa chini.

"Kaliza. Mama yako unamfanyisha jeshi?"

"Ni mazoezi, mama. Daktari amesema."

"Daktari ana mama yake?"

Kufika jioni mtaa mzima ulishajua kwamba Kaliza anamtesa mzazi. Basi mama na binti wakafanya kitu ambacho watu wa Rwezamenyo tu ndio wangeweza kukifanya kwa ustadi ule: wakaanza kuigiza ugonjwa. Mtu akipiga hodi, Kaliza anamsukuma mama kitandani, anamfunika mpaka shingoni, Gahongayire anafumba macho na kutoa sauti ndogo ya kuumwa. Mgeni anaridhika. Mgeni akiondoka, anaingia mwingine. Mara kumi za asubuhi zikawa tano, zikawa mbili, zikawa "kesho, mama". Walicheka sana wawili hao chini ya lile blanketi. Miezi sita walicheka.

Machi 1993 Cyriaque alipita kumwangalia nyumbani, kwa miguu, kutoka ng'ambo ya kilima. Alipiga magoti, akashika kifundo cha mguu, akajaribu kukipandisha. Kiligoma. Vidole vinaangalia chini, kisigino kimeganda juu, mguu umekuwa kama wa mtu anayenyata.

"Nani anakulaza, Mama Kaliza?"

Gahongayire alimwangalia Kaliza. Kaliza aliangalia dirisha.

"Wageni," alisema Gahongayire.

Cyriaque hakugomba. Alikaa chini kabisa, kwenye mkeka, na ile ndiyo ilimtisha Gahongayire zaidi. "Miezi sita ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa," alisema. "Mguu unakuwa kama mtoto, unashika haraka. Sasa umekuwa mtu mzima, mbishi. Utatembea, lakini utachelewa."

Alimuuliza anataka kufika wapi. Gahongayire alisema barabara kubwa. Asikokotwe wala kubebwa, afike barabara kubwa mwenyewe, anunue uzi wake mwenyewe. Cyriaque alitoka nje akapima njia kwa hatua fupi fupi, akiigiza mguu wake, watoto wanamfuata wanakufa kwa kicheko. Alirudi na namba. Mia tatu na kumi na sita.

Halafu aliona cherehani kwenye kona, ile ya kukanyaga kwa mguu, na uso wake ukabadilika. Akavuta kiti, akamkalisha, akauweka ule mguu mbishi kwenye chuma cha kukanyagia. "Kisigino chini, vidole juu. Kisigino chini, vidole juu. Hiki ndicho nilikuwa nakitafuta hospitali nzima."

Mkono wa kulia wa Gahongayire haukuweza kushika kitambaa. Basi Kaliza alikaa ubavuni kwake na kushona, mama anakanyaga. Mguu wa mmoja, mikono ya mwingine, cherehani moja. Mshono ulikwenda kushoto, ukarudi, ukasimama kufikiria. Ndihokubwayo alipewa shati la kwanza, akaligeuza geuza juani.

"Hii shati imeshonwa na nyoka?"

"Vaa, wewe mtoto," Gahongayire alisema. "Uzuri wa shati unategemea kichwa kilicho juu yake, na chako unakijua."

Julai akatoka nje, jina likabandikwa. Siku ile alifika hatua kumi na mbili. Ajabu, jina lilimsaidia. Maana Kinyonga alikuwa na ratiba, na mtaa ukaijua. Kila asubuhi Ndihokubwayo alipaza sauti kutoka kwenye kioo chake, "Kinyonga, ngapi leo?" na Kaliza, aliyetembea nyuma ya mama yake mikono imetandazwa kama mtu anayefukuza kuku, anajibu: arobaini. Hamsini na tatu. Tisini. Mukarugwiza bado alileta maziwa, ila sasa alimngojea nayo hatua ya mia. Cyriaque alikuja Jumanne na Ijumaa. Hata mgongo ukanyooka, hata usingizi ukarudi, hata ganzi ya mkono ikapungua. Kwa nje ungesema mambo yanakwenda.

Oktoba, Burundi ikachafuka, na Cyriaque akatoweka wiki tano akiwatafuta watu wake. Aliporudi hakusema amewapata wangapi, na hakuna aliyeuliza. Aliukunja mguu, akaukunjua. Mguu ulikuwa umerudi nyuma hatua thelathini. Februari mji ukafungwa mara kwa mara, mara barabara zina mawe, mara kuna milio, na Jumanne zikapita bila kine. Machi 1994 Gahongayire alikuwa kwenye hatua mia moja na tisini. Anafika kwa kinyozi, anakaa kwenye benchi lake, anarudi.

"Juni nanunua uzi," alimwambia Kaliza.

"Juni, mama."

Asubuhi ya tarehe saba Aprili, baada ya ndege ya rais kutunguliwa usiku, redio ilisema kila mtu abaki ndani. Kitambulisho cha Gahongayire hakikuwa na tatizo. Kaliza alirithi kabila la marehemu baba yake, na neno lile moja kwenye kitambulisho lilitosha mtu kuuawa. Kabla jua halijawa kali Ndihokubwayo aligonga dirisha la nyuma. Dada yake alikuwa na nyumba ng'ambo ya barabara kubwa, na juu ya dari palikuwa na nafasi ya kumficha mtu.

"Barabara bado iko wazi. Kaliza, kuja. Sasa."

"Na mama?"

Kinyozi aliuangalia mguu. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Nenda," Gahongayire alisema.

"Tutaenda wote. Pole pole. Nitakushika."

"Kaliza, mimi naishia mia moja na tisini."

"Basi tunabaki."

Alibaki. Hakuwa mjinga, alikuwa mtoto wa mtu mmoja. Siku nzima walibishana kwa kunong'ona, na kesho yake pia, mama akimwomba, akimtukana, akimwambia hamtaki nyumbani kwake. Siku ya tatu Kaliza alikubali. Alimwekea maji karibu, akamwekea fimbo karibu, akasema, "Mara kumi, mama. Usilale mchana." Akatoka alfajiri.

Lakini kizuizi cha kukagua vitambulisho kilikuwa kimeshawekwa tangu jana yake, pale pale njia inapotokea barabarani. Kaliza hakuvuka. Ndihokubwayo alikuja kusema mchana, amesimama mlangoni na kofia mkononi, na alivyoshindwa kuanza, Gahongayire akajua.

Ndani ya chumba kile alikuwa na muda mwingi wa hesabu. Miezi sita aliyolala chini ya blanketi akiigiza kuumwa ili Mukarugwiza asimseme vibaya Kaliza. Kama mguu ungekuwa mtoto bado, kama ungeshika haraka, asubuhi ya tarehe saba wangetoka wote wawili. Labda. Hata Cyriaque asingeweza kumwambia, na Cyriaque hakuja tena. Jumanne yoyote hakuja.

Alifanya mazoezi. Hakuna mtu aliyemwona, hakuna hodi, hakuna wa kumfunika. Aliposikia nyayo nje alisimama kimya akishika meza, zikipita anaendelea. Nane, tisa, kumi. Cherehani hakuigusa, maana chini ya sindano kulikuwa na gauni lililobaki mkono mmoja.

Julai, mji ulipotulia, alitoka. Ndihokubwayo alikuwa barazani, hana wateja, kioo kimepasuka. Hakupaza sauti. Gahongayire alipita mia moja na tisini akaendelea. Mia mbili. Mia mbili na sitini. Mguu ulitoka mbele na kushuka bila kufikiria, kisigino kwanza, kama alivyofundishwa. Mia tatu na kumi na sita. Alisimama pale pale palipokuwa na kizuizi. Alikaa amesimama hivyo muda mrefu, hakununua uzi, akageuka.

Nyumbani aliegemeza fimbo nyuma ya mlango, akajilaza kitandani mchana kweupe.

Ndihokubwayo alikuja Septemba, akamkuta hapo. Kisigino kilikuwa kimeanza kupanda juu tena, vidole vinaangalia chini. Mguu ulihitaji zaidi ya mwaka kujifunza, na miezi miwili kusahau.

"Kinyonga," alisema taratibu. "Ngapi leo?"

"Nani anahesabu?"

Alijaribu kumsimamisha mara moja, mara mbili. Mama alikuwa mzito kama mtu asiyetaka. Mwisho alikaa chini kwenye mkeka, pale pale alipowahi kukaa Cyriaque.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, bila shaka umekaa muda mrefu, simama kwanza. Halafu tuandikie hapa chini. Kwenu kulikuwa na nani aliyefundishwa kutembea mara ya pili? Mlimpa jina gani la kumchekesha? Alikuwa anataka kufika wapi, na aliyekuwa nyuma yake akihesabu alikuwa nani? Hata kama hadithi yako haina mwisho mzuri, iandike hivyo hivyo ilivyo.