Kiti cha Bwana Shauri

Kule Mogitu, mtu aking'ang'ania jembe la kuazima huambiwa, "Kukalia si kumiliki, bwana!" na watu hucheka. Maneno hayo yalianzia kwenye kisa cha Mzee Gidabuday, mfugaji, enzi za Waingereza.

Zizi lake lilipokuwa limejaa, alimpa mwanakijiji mwenzake, Hermani, ng'ombe mmoja mwekundu amtunzie. Ndiyo desturi: maziwa na samadi ni vya mtunzaji, ng'ombe ni wa mwenyewe. Balaa likiingia zizi moja, angalau lisikute kila kitu. Na balaa likaingia. Sotoka, ule ugonjwa unaoua ng'ombe, ikafagia zizi zima, huku binti yake akiwa amejifungua juzi na kibuyu cha maziwa kikiwa kikavu.

Akachukua fimbo, akaenda kwa Hermani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimemfuata ng'ombe wangu."

"Wako? Aliyelala kwangu miaka yote hii, akala majani yangu?"

"Na maziwa aliyanywa nani? Majani?"

Wakafikishana barazani. Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya Mwingereza aliyeamua kesi, akiwa amejilaza kwenye kiti chake cha turubai, aliuliza ng'ombe yuko kwa nani sasa.

"Kwangu, Bwana," akasema Hermani.

"Basi ni wako."

"Kijiji kizima kinajua ni wangu!" akafoka Gidabuday.

"Kijiji si hati. Una hati?"

Hati ya ng'ombe! Bwana Shauri akasimama kujinyoosha. Mara Gidabuday akajitupa kwenye kile kiti, turubai likammeza, magoti yakamfika masikioni.

"Toka! Hicho kiti changu!"

"Kiko kwa nani sasa, Bwana? Una hati?"

Baraza likaangua kicheko. Hata askari aliziba mdomo. Bwana Shauri akawa mwekundu kuliko yule ng'ombe.

"Kukalia si kumiliki!"

"Asante, Bwana. Umehukumu vizuri."

Bwana Shauri akawageukia askari. "Mpeni ng'ombe wake! Na wewe, toka!"

"Ningetoka, Bwana, ila sasa kiti ndicho kilichonishika mimi."

Askari wawili wakamvuta. Jioni hiyo binti yake alikunywa maziwa mpaka akacheua.

Tangu hapo watu wakipita bomani na kuiona ile bendera ya wageni mlingotini, walinong'onezana maneno ya Bwana Shauri mwenyewe. Naye, akidhani wanamsalimu, aliwapungia mkono.