Breki za Karani

Karani wa kituo cha majani chai, kule Sironga, hufunga breki kwa miguu. Baiskeli yake ya umeme, ya kupandia milima, imekwisha kula pedi za breki mara nne mwaka huu, na yeye aliyewahubiria wakulima usafiri usio na moshi huona ni dhuluma tupu mtu mwadilifu kutozwa kwa kuteremka. Kwa hiyo, kwenye kila mteremko huinua vidole vyake virefu kutoka kwenye breki, huteremsha miguu na kuburura akala zake za tairi kuukuu, huku akipaza sauti nyembamba: "Njia! Njia!" Watu hutawanyika hadi majanini.

Jana Nyanchama, mchumaji chai mwenye kikapu mgongoni, hakutawanyika. Akala zililia, vumbi likatimka, mwendo haukupungua. Vidole vya karani vikarudi kwenye breki, vikabana. Baiskeli ikasimama shubiri moja kutoka kwa mama huyo.

"Karani! Kumbe hii kitu iko na breki?"

Karani aliinama, akazipapasa pedi kama anayepima homa ya mtoto.

"Omong'ina, mama yangu, nakusihi," alinong'ona, akitazama huku na huku. "Usiwaambie wenzako. Wakijua, nani atanipisha tena?"