Karanga za Mbegu na Riwaya Yangu

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka vibaya, nilirudi nyumbani, upande wa Kongwa, nikaanza kuandika riwaya kwenye madaftari ya shule yaliyobakiwa na kurasa. Ilikuwa habari ya familia moja, mama na binti zake wawili, wanaoishi miaka mingi baada ya mvua kukoma kabisa. Kwenye kinamasi cha Bahi hakuna hata tope, ni vumbi jeupe tupu. Dodoma mjini mbuzi wanalala maofisini. Mambo yote ya huzuni, lakini nilikuwa nayaandika huku nacheka peke yangu, kwa raha ya kuandika tu.

Nyumbani tulikuwa wanne: mama, shangazi, dada yangu mkubwa na mimi. Dada alikuwa na mimba ya miezi sita. Mumewe alikwenda mjini kutafuta kazi, akamrudisha kwetu asubiri. Msimu uliopita mvua ilikatika kabla karanga hazijajaza, kwa hiyo Novemba ile tulikuwa na gunia moja tu la karanga, nalo halijajaa, na zote ni za mbegu. Mama alikuwa amesema shamba linahitaji kila punje. Chakula chetu ni ugali wa uwele na mlenda jioni. Mchana tunashinda hivyo hivyo.

Karanga za mbegu hazipelekwi mashine, zinavunjika. Tunamenya kwa mkono, na kwetu kuna sheria moja: anayemenya lazima aongee. Shangazi husema mdomo unaosema hautafuni, na ukinyamaza kidogo tu anakuuliza habari za watu usiowajua.

Siku ya pili maneno yakaisha. Tulishawasengenya majirani wote, tukabakiwa na wale tunaowapenda. Mama akasema, "Hebu lete hilo daftari lako, utusomee."

Nikalifuata mbio. Shangazi ndiye aliyenisumbua.

"Na wabunge wa hapo Dodoma wamekwenda wapi?"

"Wamehama, shangazi. Waliondoka na magari."

"Mafuta wameyatoa wapi, na dunia imekwisha?"

"Walikuwa wameficha."

"Hapo nimekuamini. Endelea, mwandishi."

Kuna jambo dogo sikulifikiria: mdomo wenye kazi sasa ulikuwa wangu tu. Mama ndiye aliyeona. Jioni alitikisa ungo, akaona punje hazilingani na maganda. Hakumtaja mtu. Kesho yake akaongeza sheria: nikimaliza sentensi, wote waitikie "enhe."

Ikawa kama kanisani. "Enhe" ya dada ilikuwa inachelewa kidogo. Nikadhani anaguswa na hadithi, nikazidi kusoma kwa madaha.

Nikafika kwenye sura niliyoiona nzuri kuliko zote. Yule binti mkubwa anakutwa amekula mbegu za mwisho, na mama yake anamfukuza aende zake peke yake. Nilisoma kwa sauti ya ukali kabisa: "Toka. Aliyekula mbegu amewala na watoto wetu."

"Enhe," akasema shangazi.

"Enhe," akasema mama.

Dada hakuitikia. Nikainua macho. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, machozi yanapita juu ya vidole.

"Umeniandika mimi," akasema alipomeza. "Ungeniita pembeni, mdogo wangu. Siyo kunisoma mbele ya mama."

Nikamwambia niliiandika kabla hajarudi, kwamba sikujua lolote. Hakunisikia. "Najizuia," akasema. "Nikinusa tu, mkono unakwenda wenyewe."

Mama yangu si mtu wa kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alimenya punje tatu nne, kisha akanigeukia mimi.

"Huyo binti wa kwenye daftari ana mimba?"

"Hapana, mama."

"Basi mpe mimba. Halafu usome tena, tuone kama mama yake atamfukuza."

Nikalifunga daftari. Mama akachota kwa viganja viwili kwenye zile zilizomenywa, akampa shangazi. "Zikaange, utie na chumvi. Na kesho vilevile."

"Na shamba, wifi?"

"Litapandwa mpaka mbegu zitakapofikia."

Zilipoiva dada alikula ameelekea ukutani kwa aibu, mpaka shangazi alipomwambia, "Geuka huku ule vizuri. Unamtia mtoto haya ya bure."

Mvua ilikuja Desemba. Mbegu ziliisha tukiwa mbali na mpaka wa shamba. Mama alisimama na jembe lake akatazama kile kipande kilichobaki, kisha akasema tupande uwele. Mtoto alizaliwa Februari, mnene, shangazi anasema amejaa karanga.

Ile sura nimeiandika upya mara nne. Sasa binti anakula, na mama yake amekaa karibu naye. Lakini mbegu zimekwisha, na msimu uko mbele yao. Kila nikishika kalamu nawatafutia mbegu nyingine, sijapata.