Kitambaa Cheupe cha Mama Majani

Kumepambazuka, na Mama Majani hajakaa chini. Anashika jani la mgomba kwa ncha mbili, analipitisha juu ya makaa, upande huu, upande ule. Jani linang'aa na kulegea kama mtu aliyesikia habari njema. Huko ndiko kubabua. Jani lisilobabuliwa hupasuka ukilikunja, wali ukakumwagikia mapajani.

Kazi yake ni kuosha, kubabua na kuwapelekea wapishi majani ya kufungia chakula. Mteja wake mkubwa ni mpishi wa shule ya jirani.

"Muuza sahani za plastiki ameshapita pale mara mbili," anasema, huku akichungulia barabarani. "Nikikosa siku moja tu, nafasi yangu imekwenda."

Wapo wanaomsifia kwamba jani linaongeza vitamini. Anacheka. "Linatia harufu nzuri, basi. Vitamini katafute kwenye maharage. Mimi naahidi kimoja: jani langu halitakuumiza tumbo."

Asubuhi hii ahadi hiyo inamkosesha raha. Kila jani hulifuta kwa kitambaa cheupe, maana cha rangi, anasema, kinaficha. Leo kitambaa kimetoka na unga wa kijivu. Analifuta jani jingine. Unga uleule.

Anayemletea majani ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Amekaa juu ya ndoo, anakunywa chai.

"Shemeji, hiki ni nini?"

"Vumbi la barabarani hilo."

"Barabara yenu nyekundu. Vumbi la kijivu umelitoa wapi?"

Shemeji anapuliza chai iliyokwisha kupoa. "Nilipiga dawa juzi. Wadudu walikuwa wananimaliza. Lakini si unayaosha?"

"Naosha vumbi, sumu siwezi. Haya, nikufungie wali humo ule?"

Shemeji anakumbuka ghafla kwamba ameshiba.

Simu inalia. Ni mpishi. "Mama, wali unakaribia kuiva. Uko wapi?"

Mama Majani anauzunguka mzigo, anaugusa kwa ncha ya kiatu. Majani mabichi, mapana, hayana hata tundu. Ni kama mchumba mzuri asiyeoleka.

"Leo sina majani, mwanangu. Yamepigwa dawa."

Upande wa pili mpishi anafunika sufuria kwa kishindo. Kisha: "Basi napakua kwenye plastiki. Ya kesho tutaona kesho."

Hilo "tutaona" linamtembeza ua mzima. Anafagia palipofagiwa. Anayachoma majani yote kwenye shimo la taka, halafu anaosha mikono mpaka shemeji anamuuliza kama anataka kuitoa ngozi. Anamkabidhi jembe.

"Chimba hapa, nyuma ya bafu. Nitapanda machipukizi yangu mwenyewe ya mgomba, dawa yasiione. Mpaka yakue, utanikatia kwa mama yako, mkwe wangu. Ile migomba yake haijui bomba la dawa."

"Itachukua muda, shemeji."

"Ndiyo maana nakwambia uanze sasa."

Shimo la pili halijafika magotini simu inalia tena. Anafuta mikono kwenye kanga, anapokea akiwa amesimama.

"Kesho lete," mpishi anasema. "Aliyeniambia ukweli leo, kesho hatanificha. Ila mkata majani wako uje naye. Wali wa kwanza atakula yeye, mbele yangu."

Mama Majani anamgeukia shemeji. "Kesho usinywe chai. Umealikwa shuleni."