Sangara Aliyechorwa Mlangoni

Mume wangu alipomvua yule sangara, Musoma nzima haikuwa na filamu ya kupigia picha. Mpiga picha tuliyemfahamu alikuwa amefunga studio na anauza mkaa mbele yake, kamera ameitundika ndani, kaifunika kitambaa. Ndivyo miaka ile ilivyokuwa. Tulipanga foleni ya sabuni kwenye duka la kaya tukarudi na chumvi, na siku nyingine tukarudi mikono mitupu. Kiwanda cha nguo alikofanya kazi mume wangu kilisimama mara kwa mara kwa kukosa vipuri, na watu waliofuma vitenge vya nchi nzima wakawa wanavaa viraka.

Mashine zikisimama, alikwenda kwao, kijiji kimoja cha kule rasini, kuvua na mdogo wake. Nyavu hazikupatikana. Ndoana nazo hazikupatikana, hivyo mhunzi aliwafulia ndoana za nondo, nene na zisizo na sura, na chambo kilikuwa furu, wale samaki wadogo wa ziwani, mzima mzima. Sangara alikuwa bado mgeni kwetu. Wazee wa pale hawakumpenda. Walisema ana mafuta mengi mno, tena ndiye anayewamaliza furu, na mmoja aliapa kwamba hatamla samaki anayeweza kumla yeye.

Siku hiyo nilikuwepo kwa sababu mimi ni mwalimu na shule zilikuwa zimefungwa. Mtumbwi ulirudi alasiri umelala upande, na wale ndugu wawili hawakuwa na sauti ya kuita mtu. Watu waliteremka majini kusaidia. Samaki aliteleza kila waliposhika, ndipo shemeji yangu akakimbia nyumbani akaung'oa mlango wa mbele, wakamlaza juu yake na kumpandisha kilimani kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Hata juu ya mlango hakuenea mpaka walipomlaza mshazari, kona kwa kona.

Mume wangu aliuliza kama kuna mtu wa kwenda mjini kumwita mpiga picha. Nikamkumbusha habari za filamu. Akaenda jikoni akarudi na kipande cha mkaa. Akapiga magoti uani, akaanza kumzungushia yule samaki mstari, kuanzia mdomoni, akapita mgongoni, akafuata kila mwiba wa pezi, mpaka mkiani na kurudi kwa chini. Hakuna aliyecheka. Baadaye samaki alikatwa, kijiji kikala, kilichobaki tukakibanika, maana barafu ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Kabla mlango haujaoshwa, mume wangu alipasha msumari motoni akaupitia ule mstari wote kwa kuuchoma. Kisha mlango ukarudishwa kwenye bawaba zake, na kwa miaka mingi wakwe zangu walilala nyuma ya sangara.

Ilipokuja ruksa, biashara ikaachiwa huru, kila kitu kilirudi kwa pamoja. Filamu zikajaa madukani, na betri, na mitumba iliyomwagwa chini kwenye maturubai. Viwanda vya minofu vikafunguliwa kando ya ziwa, na yule sangara aliyekataliwa na wazee akawa anapanda ndege kwenda Ulaya. Kiwanda cha nguo ndicho hakikurudi. Mume wangu aliambiwa akae nyumbani asubiri, akasubiri, akachoka, akarudi rasini kuvua moja kwa moja. Homa ilimshikia huko huko. Walipomfikisha hospitali Musoma hakuwa tena mtu wa kuongea.

Nikabaki mjane mtaani kwetu Iringo, katika vyumba vyetu viwili. Binti yetu alikuwa ameolewa Tabora, na mwanetu wa kiume alikuwa Mererani akitafuta mawe ya thamani, habari zake zikifika kwa msimu kama mvua. Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, kazi ya kelele kutwa nzima, na kelele hiyo iliishia kwenye geti la shule. Nikifika nyumbani nilipiga hodi kwa mazoea, ndipo nikatafuta ufunguo.

Shemeji alipojenga nyumba ya matofali akaweka mlango wa chuma, na akaniletea habari kwamba kama nautaka ule wa zamani niuchukue, la sivyo utapasuliwa kuni. Niliuchukua. Niliuegemeza ukutani sebuleni, mchoro ukitazama chumba, na ukakaa hivyo muda mrefu bila mimi kuwaza lolote juu yake.

Wazo lilinijia kazini. Tulikuwa tumewapeleka wanafunzi wa madarasa ya juu kutazama kiwanda cha minofu, na nilikuwa mmoja wa walimu wa kuwasindikiza. Mapokezi, juu ya kiti cha yule dada aliyetukaribisha, palikuwa na sangara mkubwa ametundikwa ukutani, anang'aa kama ametoka majini saa ile. Nilimuuliza wanamtunzaje asioze. Akaniambia huyo si samaki. Samaki mwenyewe aliliwa zamani. Huyu ni mfano wake, ametengenezwa Ulaya kwa kufuata picha na vipimo. Wenzangu walikuwa wameshaingia ndani kuvaa mabuti na makoti meupe. Mimi nilibaki pale, nikimlinganisha yule samaki na mlango wangu, na nikaona kwamba wetu alikuwa mkubwa zaidi, naye anaweza kutengenezwa vivyo hivyo.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja Bunda, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka upande wa Kigoma, na mama yake alikuwa mtu wa hapa hapa. Ujanani aliwahi kuwahifadhia wawindaji vichwa vya nyati na pofu. Sasa alichonga twiga na vifaru kwa ajili ya watalii wanaoelekea mbugani, na vitanda kwa ajili yetu sisi wengine. Niliupakia mlango juu ya basi. Njiani nilishukia Butiama kumsalimu mama yangu, nikauacha mlango kwa mwenye duka kando ya barabara. Mama aliuliza ninakwenda kufanya nini Bunda, nikamweleza. Sisi kwetu ni watu wa ng'ombe na ulezi; samaki alikuwa chakula cha nilikoolewa. Akasema, kwa lugha yetu, kwamba chumba changu kipo, kinafagiliwa. Nilimwambia nina wanafunzi. Hakuniuliza tena.

Fundi aliulaza mlango juu ya meza yake, akapitisha kidole kwenye mstari wote uliochomwa, polepole, kama mtu anayesoma.

"Samaki wa ukutani hatengenezwi kwa samaki, mama," aliniambia. "Huyu ana mafuta. Ukimkausha atatoa jasho la mafuta mpaka ukuta unuke."

Alieleza kwamba mwili atauchonga kwa mbao nyepesi, na kichwa atakitoa kwenye kichwa halisi kwa kukifunika jasi, ile nyeupe wanayofungia mifupa hospitalini, kisha atavipaka vyote gundi ya faiba wanayozibia boti. Lakini kwanza alitaka kujua mambo. Mdomo ulikuwa wazi au umefumba? Pezi la mgongo limesimama au limelala? Tumbo lilikuwa jeupe au la manjano? Na jicho, je?

Nilikumbuka viganja vya mume wangu vilivyochanwa na mshipi. Nilikumbuka shati lake limekauka mgongoni na kuacha alama nyeupe, na jinsi alivyomeza mate kabla ya kuuliza habari za mpiga picha. Samaki sikuwa nimemtazama. Nilimwambia fundi hivyo hivyo. Aliinamisha kichwa, akasema basi nimletee kichwa kinacholingana na mchoro, na kama yupo mtu aliyekuwa mtumbwini, aje naye.

Kichwa nilikitafuta nyuma ya viwanda, pale wanawake wanaponunua mapanki, mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishaondoka, ili wakaange na kuuza. Vichwa vyote vilikuwa vidogo. Mama mmoja aliniambia wakubwa siku hizi hawaonekani, wamevuliwa wakaisha, na kwamba nikimtaka wa hivyo niwe napita pita. Nikawa napita kila nikitoka shuleni. Hata sasa nadhani hizo zilikuwa siku zangu nzuri, maana kulikuwa na mtu wa kuniuliza, "Mwalimu, bado hujapata?" Siku mama yule alipokipata alikuwa amekiweka kando, kimefunikwa gunia lenye maji, na aliwafukuza wengine waliokitaka kwa supu.

Nilikijaza chumvi, nikakifunga kwenye gunia juu ya gunia, nikapanda nacho basi la Bunda. Kabla hatujatoka mjini harufu ilikuwa imeshajitangaza. Aliyekaa karibu yangu alihama, wa mbele naye akahama. Nilisafiri peke yangu kwenye kiti cha watu watatu, madirisha yote yamefunguliwa, nimekumbatia kichwa cha samaki.

Mwili ulipokaribia kukamilika nilikwenda na shemeji. Alikuwa amezeeka ghafla baada ya kufiwa na kaka yake, na alivaa koti kwa ajili ya safari. Alimjibu fundi vizuri. Mdomo wazi, alisema, kwa sababu ndoana ilikuwa kubwa. Pezi limesimama. Tumbo kama maziwa, mgongo wa kijivu unaokwenda kwenye kijani, na jicho la dhahabu lenye mduara mweusi katikati. Fundi aliandaa rangi na kuzijaribu kwenye kipande cha ubao mpaka shemeji akaridhika. Kisha shemeji akautazama mlango, akautazama mwili wa mbao, akakohoa.

"Lakini hakuwa mrefu hivi," alisema.

Akatuonyesha. Aliinama juu ya mlango akaweka kiganja chake ndani kabisa ya mstari, karibu na mkia. Kaka yake, alisema, alikuwa ameshika mkaa kwa kuulaza kwa nje, na kila alipofika kwenye pezi aliusogeza mstari nje kidogo. Yeye alimwona akifanya hivyo, ila hakutaka kumharibia siku. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasema ukweli kama alivyoulizwa.

Fundi aliweka patasi chini, akanigeukia mimi.

"Mama, nifuate mlango au nimfuate shemeji yako?"

Nilitazama ule mstari. Pale mkiani, kweli, msumari ulikuwa umepita kwa raha, kama mtu anayejinyoosha. Mtu ambaye hakuwahi kudanganya hata umri wake, ambaye akipunjwa dukani aliona haya kurudi, alikuwa amepiga magoti mbele ya kijiji kizima akajiongezea pezi. Sikuwa nimemjua kwa upande huo. Nikatamani nimtanie, na hapo nikaelewa upya, kama habari iliyofika siku ile, kwamba hayupo.

"Fuata mlango," nilisema.

Shemeji aliitikia kwa kichwa. Alisema ni haki yangu.

Samaki aliletwa Iringo juu ya lori la mbuzi, amefungwa kwa blanketi. Majirani walikuja wote, hata wale tuliokuwa tukisalimiana kwa mbali tu. Waligusa meno, wakauliza kama ni wa kweli, mmoja akasema hotelini mtu angeweza kukaa chini yake akala akalipa zaidi. Walikunywa chai. Jumapili watu wa kanisani wakapita, nao wakatazama na kunywa chai. Wiki iliyofuata hakuja mtu. Walikuwa wameshamwona.

Nilifikiri nikimtundika nitakuwa nimemaliza kitu. Kilichotokea ni kwamba nilikuwa na samaki ukutani. Nilimpangusa vumbi siku za Jumamosi. Nilikula nikiwa nimekaa upande wa pili wa chumba ili nimwone, kisha nikaacha, nikarudi kukaa dirishani.

Shemeji alikuja peke yake mwishoni mwa kiangazi. Alikuwa na shughuli zake mjini, alisema, akaona asipite tu. Alisimama mbele ya sangara muda mrefu, kofia mkononi, halafu akakaa nikampa chai. Alisema fundi kalipatia jicho. Tukaongea habari za mvua na za mwanangu wa Mererani. Alipomaliza kikombe cha pili akaanza kusimulia, bila mimi kuuliza, jinsi samaki alivyowaburuta kuelekea kilindini hata wakaacha kuiona rasi.

"Kaka hakuogopaga maji, lakini siku ile aliogopa," alisema. "Akaanza kuimba. Aliimba za kanisani zote, zikaisha. Akaimba zenu zile za watoto wa darasa la kwanza. Alikuwa anazijua mpaka mwisho, shemeji. Mimi navuta mshipi, yeye anavuta na anaimba za watoto."

Nilikuwa nikiziandaa nyimbo zile nyumbani, jioni, nikipiga kofi mezani, naye amekaa mlangoni ameelekea nje na redio yake. Aliwahi kuniomba nipunguze sauti asikie taarifa ya habari. Miaka yote hiyo sikumsikia akiimba hata mstari mmoja.

Nilimuuliza shemeji ni wimbo gani. Alifikiri. Alijaribu kuutafuta kwa mluzi, akakosa. Alisema ulikuwa na mvua ndani yake, au labda kuku, hana hakika, ni zamani. Nikamwambia nyimbo zote za darasa la kwanza zina mvua au kuku. Alicheka kidogo, akashika kofia yake, akasema asije akakosa gari la mwisho la kwenda rasini.

Nilimsindikiza hadi kona, nikarudi, nikapiga hodi, nikafungua. Nikatia maji kwenye beseni nikaosha vikombe viwili, nikizipitia nyimbo moja baada ya nyingine kwa sauti ndogo, nikijaribu kusikia ni upi ambao mtu mzima angeweza kuushika katikati ya maji.