Wembe Mmoja kwa Ukoo Mzima

Catherine alimpiga kaka yake kwa mpini wa jembe, kwanza begani, kisha kwenye mkono, na mkono ukavunjika. Kijijini kwao, juu ya Mlali, jambo hilo bado linasimuliwa kwa kunong'ona, maana kwa Waluguru kaka wa mama ndiye mwenye sauti juu ya watoto na juu ya mashamba ya ukoo. Mume anaweza kupigwa, watu wakacheka. Mjomba hapigwi.

Catherine ni mwanamke mfupi, mkulima wa kabichi na njegere. Mwanawe mkubwa, Raphael, alikuwa akiteremsha matenga ya mboga mgongoni hadi barabarani. Binti yake, Paskalia, alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Maumivu yalipomshika, yalimbwaga chini kama aliyepigwa rungu. Aliuma shuka, na shuka ikikosekana aliuma mkono wa mama yake. Alama za meno zipo mpaka leo.

Madaktari wa Dar es Salaam walipima familia nzima wakakuta uloto wa Raphael, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unalingana na wa mdogo wake. Huko India wangeua kwa dawa uloto mbovu wa Paskalia, kisha wampandikizie wa kaka yake. Parokia na ndugu walisaidia mpaka safari ikapatikana. Ilikuwa Machi 2020. Korona ikaingia, India ikafunga milango, ndege zikalala.

"Subirini," daktari alimwambia Catherine kwa simu. "Na huyo Raphael mtunzeni kama yai. Asichanjwe chale, asitobolewe popote, asiongezewe damu ya mtu. Akipata homa ya ini, ataihamishia kwa mdogo wake, na safari imekufa."

Wakati wa kungoja, Paskalia aliishi kwa kuongezewa damu mjini Morogoro. Lakini wachangiaji wakubwa wa damu walikuwa wanafunzi wa sekondari, na shule zilikuwa zimefungwa. Muuguzi akasema walete ndugu wachangie. Raphael hakuruhusiwa, kwa sababu damu yake ingeweza kuufanya mwili wa Paskalia uukatae uloto wake baadaye. Catherine akapanda kwa kaka yake, Kondo, mkubwa wa ukoo.

"Watu ninao," Kondo alisema. "Ila hakuna mtoto wa lukolo letu, wa ukoo huu, atakayeteremka kwenye korona ile mwili ukiwa mtupu, bila kinga. Mganga wa Kisaki yuko kwangu. Tutachanjwa wote, na Raphael wa kwanza, maana ndiye atakayekwenda mbali."

"Raphael hapana, kaka. Daktari amekataza."

"Daktari ndiye mjomba wake?"

Jumapili, walipotoka kanisani, wanaume wa ukoo walikaa uani kwa Kondo vifua wazi. Wembe ulikuwa mmoja. Mganga alimchanja huyu, akaufuta kwenye tambara, akamchanja yule, akapaka dawa nyeusi kwa kidole kilekile. Raphael aliitwa, akaambiwa kuna gunia la kubebwa. Alipoingia, lango likafungwa nyuma yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Vua shati."

"Mjomba, mimi sichanjwi. Hii damu ni ya Paskalia."

Binamu yake Dominiko akaangua kicheko. "Jitu zima linaogopa wembe! Basi tukuchanje kwa kijiko?"

Walimrukia wanne. Raphael alimpiga Dominiko kichwa cha uso, meno mawili yakaanguka mavumbini. Akamkaba mwingine koo mpaka macho yakamtoka. Gongo likamshukia kisogoni akapiga magoti, na walipomlaza chali mtu akamkalia shingo. Kondo mwenyewe alimshika miguu. Mganga akamkata kifuani mara mbili, akasugua dawa ndani, huku Raphael akilia na kuita jina la mdogo wake.

Catherine alisikia kelele akiwa shambani. Aliingia kwa kuvunja ua wa mabua, jembe mkononi.

"Umenivunja!" Kondo alipiga yowe, mkono ukining'inia. "Kwa sababu nimemkinga mwanao, Catherine!"

"Umemuua Paskalia, kaka."

Wala Kondo hakuwa na nia mbaya. Ndiye aliyemfundisha Raphael kulima, na siku ile alikuwa amemwambia mganga amwekee dawa kali kuliko wote.

Kesho yake kabichi zote za Catherine zilikuwa zimefyekwa na jiko lake limechomwa. Ukoo ukamwondoa kwenye shamba. Akapanga chumba Mlali. Wanaume wale nao, walipofika hospitali kuchangia, walirudishwa kwa sababu ya chale mbichi. Waliotoa damu ni Catherine na wanawake wawili wa jumuiya ya kanisani.

Raphael alipimwa mjini Morogoro, akaonekana mzima. Daktari wa huko hakufurahi. "Ugonjwa unaweza kuwa umejificha. Tutampima tena baada ya miezi sita." Kabla ya hapo Catherine alikuwa akiomba ndege ziruke. Sasa kila jioni alipiga magoti akaomba zisiruke bado.

Septemba simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa Dar anayeshughulikia wagonjwa wanaopelekwa nje ya nchi. India imeanza kupokea tena, nafasi ni chache, kitanda cha Paskalia kimepatikana, waondoke wiki ileile.

"Swali moja tu, mama. Tangu tulipowapima, kaka mtu amechanjwa, amepata jeraha, ameongezewa damu?"

Paskalia alikuwa ameketi kando ya simu na kikombe cha uji, akisikia kila neno. Alitikisa kichwa kwa nguvu, akaonyesha kwa midomo: hapana, sema hapana.

"Alichanjwa," Catherine alisema. "Wembe wa watu wengi. Miezi sita haijatimia."

"Basi kitanda nitampa mtoto mwingine, mama. Ninyi mtasubiri kipimo, halafu mtaingia foleni upya."

Simu ilipokatika, kikombe cha bati kilimpata Catherine juu ya jicho. Damu na uji vikamtiririka mpaka shingoni.

"Ungenyamaza!" Paskalia alipiga kelele. "Nani angejua?"

"Ini lako lingejua."

"Mimi nakufa, mama!"

"Najua. Ndiyo maana sikudanganya."

Raphael aliinuka na kitambaa amfute mama yake.

"Kaa hukohuko!" Catherine alimfokea, mkono ameuinua kama wa kupiga. "Damu ya mtu usiiguse. Hata yangu."

Raphael akaganda na kitambaa chake. Catherine akajifunga mtandio kichwani akaukaza, akaokota kikombe kilichobonyea, akakisuuza, akamimina uji mwingine na kumwekea binti yake mbele ya magoti.

"Kunywa," alisema. "Utanipiga tena ukishiba."