Samaki haianzi kuoza kichwa

Leo mwalimu mmoja wa Migosi alitaka kunitoa uenyekiti wa bichi yetu ya wavuvi kwa methali ya Wazungu!

Alisimama kwa mkutano, akaongea Kizungu, halafu akatafsiri: "Samaki huanza kuoza kichwani." Kichwa ni mimi.

Watu wakapiga makofi. Kitu ya Kizungu hata ikiwa uongo wanameza.

Mimi sikusoma, lakini nimepasua samaki miaka arobaini. Nikachukua samaki ya jana, ngege, nikapasua mbele yao.

Kichwa safi. Tumbo ndio ilinuka!

"Mwalimu, huyo Mzungu alikuwa anapikiwa na nani?"

Wakacheka sana. Halafu Mama Akinyi muuza omena akauliza, "Na tumbo ya hapa ni nani, Mzee? Nani hula samaki ya kila boti?"

Nikasema wakati wa kura umefika.

Tukapiga kura. Nimebaki mwenyekiti kwa kura moja, na hiyo ni yangu.

Anayecheka aandike hapa chini nimwone.